Usiku ule wa Sensa ulilala wapi? Watu, uchumi na huduma za wilaya yetu ya Ngara

(Maneno ya Kamati kwa wana-Mabawe katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee)

Ninyi mliosafiri kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Kahama, Bukoba na hata nje ya nchi, na ninyi mliobaki nyumbani mkatulindia migomba na makaburi ya wazee, karibuni sana.

Kabla kapu halijaanza kuzunguka tunaomba kila mmoja ajibu swali moja kimoyomoyo. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ulilala wapi? Swali hili si la utani. Sensa ya Watu na Makazi humhesabu mtu pale alipolala usiku huo. Hakuna karani aliyekuuliza moyo wako uko wapi, wala utazikwa wapi. Kama ulilala Tabata, umekuwa mtu wa Tabata hadi sensa ijayo. Kama ulilala Nyamagana, wewe ni hesabu ya Nyamagana. Tukijumlisha watu wote waliomo humu ukumbini, hatudhani kama nusu yetu tulihesabiwa Ngara.

Sasa tazameni hesabu yenyewe. Mwaka 2012 wilaya ya Ngara ilikuwa na watu 320,056. Mwaka 2022 tulifika 383,092. Tumeongezeka kwa watu 63,036, yaani chini kidogo ya moja ya tano, na mtu akisoma haraka atasema ni vizuri. Lakini katika miaka hiyo kumi Tanzania nzima ilitoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120, ongezeko la zaidi ya theluthi. Kama Ngara ingekua kwa kasi ya taifa, tungekuwa karibu watu 440,000. Wanakosekana watu kama 56,000 hivi, wengi kuliko wakazi wa kata kadhaa za wilaya yetu wakiwekwa pamoja.

Majirani zetu wa Biharamulo wanatufundisha zaidi. Mwaka 2012 tulikuwa karibu sawa nao: wao 323,486, sisi 320,056. Tofauti ya watu 3,430 ni umati wa soko moja kubwa tu. Miaka kumi baadaye wao wako 457,114. Wametuacha kwa watu 74,022. Na tukiwauliza baadhi ya hao wenzetu wa Biharamulo asili yao, wengi wanatujibu kwa Kihangaza na Kishubi.

Tuwe wakweli, kwa sababu takwimu za Ngara zina historia yake na hazisomwi kama za Muleba au Karagwe. Sensa ya mwaka 2002 ilitupa watu 334,939, wengi kuliko wa mwaka 2012. Je, tulipungua? Hapana, wageni waliondoka. Vijana waliozaliwa baadaye wanasimuliwa tu, lakini wengi wetu tuliona kwa macho. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja, wakaenea Benaco. (Jina Benaco lenyewe ni la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi iliyokuwa na kambi yake pale, kampuni iliondoka, jina likabaki, na leo ni mji.) Wanyarwanda walirudishwa mwishoni mwa mwaka 1996, Warundi wakabaki Lukole miaka mingi baada ya hapo. Kwa hiyo hesabu ya mwaka 2002 ilichanganya wenyeji na wakimbizi. Vilevile tusisahau Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyowaondoa watu wengi mkoani Kagera kwa kukosa vibali, baadhi wakiwa wameishi hapa tangu ujana wao. Ndiyo maana hatusemi kwamba pengo lote ni watoto wetu waliohama. Tunasema sehemu kubwa ni wao, na ushahidi ni huu mkutano wenyewe.

Wanahama kwa nini? Ardhi kwanza. Shamba ambalo babu alilima peke yake, baba alilima na ndugu zake wanne, na leo wajukuu wanagawana mistari ya migomba. Upande wa kaskazini-mashariki kuna eneo la Kimisi, ambalo tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, huko halimwi. Biharamulo bado mtu alipata ekari za kuanzia maisha, kulikuwa na dhahabu, na Nyakanazi ilikuwa inakua kila malori yalipoongezeka, maana pale ndipo barabara za Kahama, Kigoma na Rusumo zinapokutana. Kijana mwenye nguvu na baiskeli moja hakuhitaji kushawishiwa.

Pili, kilimo chetu kimepigwa. Mnyauko wa migomba ulioingia Kagera miaka ya katikati ya 2000 umeacha mashamba yenye visiki. Mihogo nayo imeugua michirizi na batobato. Kahawa ipo, na tangu iuzwe mnadani kupitia vyama vya msingi wapo wakulima waliofurahi. Lakini bado tuna ugonjwa ambao hauna dawa dukani, nao ni butura. Mzazi ana ada ya mtoto inayodaiwa mwezi wa pili, kahawa bado ni maua mtini, mfanyabiashara anakuja na noti mkononi, na mavuno yote yanauzwa kabla hayajaiva kwa bei ambayo hata anayenunua anaona aibu kuitaja hadharani. Tunaomba wana-Mabawe wenye mishahara mjini walifikirie hili. Shilingi laki moja inayotumwa nyumbani Februari inaokoa kahawa ya mwaka mzima. Ikitumwa Septemba inamkuta mzazi ameshauza.

Watatuambia, mbona Ngara ina utajiri? Ni kweli, na tusijidharau. Wilaya yetu inapakana na nchi mbili. Pale Kabanga mizigo inaenda Burundi, pale Rusumo inaenda Rwanda, na daraja jipya la Rusumo lilizinduliwa Aprili 2016 na marais wa nchi mbili. Kwenye maporomoko hayohayo kumejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa. Na Bugarama kuna nikeli. Imezungumzwa tangu tukiwa shule ya msingi. Wengine wetu tuna wajukuu sasa. Mwezi Januari 2021 serikali ilisaini mkataba, ikapata hisa za asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel, na kiwanda cha kusafishia madini kikapangiwa Kahama.

Hatupingi hata kimoja. Ila tumeona namna utajiri wa mpakani unavyokwenda. Lori linasimama Kabanga saa chache, dereva anakula wali maharage, analipa, anaondoka. Anayefaidi ni mama ntilie, wakala wa forodha, fundi wa pancha na mwenye gesti. Mkulima wa Mabawe anafaidi pale tu ndizi na maharage yake yanapofika barabarani, na hilo ni suala la barabara ya vumbi ya ndani, haligusi lami ya kimataifa. Mgodi nao utalipa ushuru wa huduma na kuchangia jamii kama sheria inavyotaka, lakini vijiji vinavyouzunguka ndivyo vitaonwa kwanza, na ni haki yao. Ngara ina kata 22. Mabawe ikae ikingoja zamu yake kutoka Bugarama? Kamati haidhani hivyo.

Hapa ndipo tunarudi kwenye usiku ule wa Agosti. Fedha za umma hufuata vichwa. Ruzuku ya maendeleo ya halmashauri imekuwa ikigawanywa kwa kanuni ambayo uzito wake mkubwa ni idadi ya watu. Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Dawa, watumishi, madawati, vyote huanza na swali la wako wangapi. Sisi tuliohama tulikwenda na vichwa vyetu, na mgawo ukatufuata huko tuliko. Lakini mizigo yetu tuliiacha nyumbani. Baba mwenye presha yuko Mabawe. Mtoto ambaye mama yake anafanya kazi Mwanza amepelekwa kwa bibi, yuko Mabawe. Binti anayetaka kujifungua karibu na mama yake anapanda basi mwezi wa nane wa ujauzito anarudi Mabawe. Na Desemba tunarudi sote, tunakunywa maji ya chemchemi ileile, tunapita barabara ileile, kisha tunalalamika kwamba nyumbani hakuna maendeleo!

Huduma za afya za wilaya yetu zilibebwa na makanisa kwa miaka mingi. Murgwanza ya Waanglikana ilifanywa hospitali teule ya wilaya, na Rulenge ya Wakatoliki imetibu vizazi vitatu. Leo tuna Hospitali ya Nyamiaga ya serikali. Hizi ni nguzo. Lakini mama aliyeshikwa na uchungu saa saba usiku, mvua inanyesha, bodaboda inateleza mlimani, hazihitaji kwanza. Anahitaji zahanati yenye mtu ndani. Na zahanati yenye mtu ndani usiku ni ile yenye nyumba ya mtumishi jirani. Nesi aliyepanga chumba mbali akishafunga mlango saa kumi jioni hatumlaumu. Naye ana watoto, naye anaogopa giza.

Kwa hiyo kamati inapendekeza harambee ya mwaka huu iende kwenye kitu kimoja, nyumba ya mtumishi wa zahanati, yaani nyumba mbili kwa paa moja, choo na tangi la kuvunia maji ya mvua. Tulijadili sana. Walikuwepo waliotaka ukumbi, na ukumbi una faida zake, hasa siku za harusi. Walikuwepo waliotaka basi la wanafunzi. Tumeona nyumba hiyo itangulie kwa sababu inaokoa roho, na kwa sababu nyingine ya hesabu ambayo tunaomba muielewe vizuri.

Serikali imekuwa na utaratibu wa kukamilisha maboma. Wananchi wakinyanyua kuta, fedha za kuezeka na kumalizia zinaombwa halmashauri. Katika miaka ya karibuni boma la darasa limekuwa likikamilishwa kwa shilingi milioni 12.5 na boma la zahanati kwa milioni 50, wakati darasa jipya kabisa lililojengwa kwa fedha za UVIKO-19 mwaka 2021 liligharimu milioni 20. Tazameni tofauti. Kijiji chenye boma kina cha kuonyesha. Kijiji chenye muhtasari wa kikao tu kinabaki na muhtasari wake. Hatuahidi kwamba boma letu litaezekwa mwaka uleule. Tunasema lisipokuwepo, hakuna cha kuezekwa.

Wapo watakaosema, si tuliambiwa elimu bila malipo, matibabu bure kwa mama na mtoto, sasa michango ya nini? Tangu 2016 kauli hiyo imeua tofali nyingi nchini. Kilichofutwa ni ada na michango ya kulazimishwa. Hakuna aliyefuta moyo wa kujitolea. Na tuseme jambo moja kwa heshima, maana nasi tunapenda pilau: kamati ya harusi ya mtoto wetu mmoja mjini hukusanya kwa miezi miwili fedha ambazo zingefikisha nyumba hii kwenye lenta. Zinaliwa usiku mmoja, na asubuhi maturubai yanarudishwa kwa mwenyewe.

Wengine wanaogopa fedha kuliwa. Hofu hiyo ina msingi, wala hatutaifunika kwa hotuba. Akaunti ya chama itakuwa na watia saini watatu, mmoja akiwa mwanamke anayeishi Mabawe. Kila risiti ya saruji na bati itabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, na picha yake itatumwa kwenye kundi letu la WhatsApp siku hiyohiyo. Mchango wa harambee hautalipia posho za vikao vya kamati. Mtu akiona risiti ina walakini, aulize mbele ya watu wote, asinong'one pembeni.

Walio nyumbani wamekwisha kuonyesha upande wao: mawe ya msingi, mchanga, maji na nguvu kazi kwa zamu za vitongoji. Tofali zifyatuliwe na kuchomwa kiangazi, kabla mvua za vuli hazijazigeuza tope. Upande wetu tulio mbali ni saruji, nondo, mbao na fundi. Watu 200 wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi, kwa mwaka ni milioni 12. Atakayetoa zaidi asimcheke wa elfu tano, na wa elfu tano asijifiche nyuma ya mwenye milioni. Walioko Ulaya na Marekani watume kwa njia wanayoizoea, mradi waandike jina na kitongoji ili mhazini asibaki anakisia.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Ina nafasi ya jina, kitongoji ulikozaliwa, mahali unapoishi sasa, kiasi, na tarehe utakayoanza. Ijazeni kabla ya chakula, mkampe mhazini aliyekaa pale mlangoni.