Umbo la Makala na Uzito wa Ushahidi: Mfano wa Kiswahili cha Njia ya Misafara, Tabora



Mada niliyoichagua yaweza kuonekana ndogo kwa mhadhara wa hadhara: namna ya kuandaa makala ya kitaaluma kwa ajili ya kongamano. Wengi huichukulia kazi hii kuwa ni kupanga pambizo na kuhesabu maneno baada ya utafiti kukamilika. Hoja yangu ni kwamba umbo la makala ni sehemu ya ushahidi wake. Tuchukulie kuwa mtafiti kijana amerekodi mazungumzo ya wazee katika kata ya Chemchem, mjini Tabora, naye ataka kuyawasilisha kongamanoni.

Mfano huu nimeuchagua kwa makusudi. Historia ya Kiswahili huandikwa mara nyingi kutoka pwani. Hata hivyo, katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo ilifika hapo, kisha ikagawanyika: moja ikaelekea Ujiji, nyingine kaskazini, Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, nao walikieneza Kiswahili kila walikofikisha mizigo. Ushahidi wa lugha hiyo ya bara ni haba, na makala iliyoandaliwa ovyo huupunguza zaidi.

Jambo la kwanza ni ikisiri. Mara nyingi wateuzi huisoma hiyo peke yake, kwa hiyo sharti itaje swali, data, mkabala na matokeo. Ikisiri nyingi huishia kwenye ahadi: "Makala hii itajadili Kiswahili cha Tabora." Hiyo ni mada tu. Mtafiti wetu aeleze amewarekodi wazungumzaji wangapi, wa umri gani, mwaka gani, na amebaini nini.

Jambo la pili ni unukuzi, na hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Tuseme mzee ametamka "balabala" pale Kiswahili Sanifu kinapoandika "barabara". Mtafiti akiisahihisha tahajia ili makala ipendeze, ameifuta data yenyewe, na hakuna msomaji atakayeweza kuirejesha. Tahajia sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1930 kwa msingi wa Kiunguja, itumike katika maelezo ya mwandishi. Maneno ya mzungumzaji yaandikwe kama yalivyotamkwa, katika mstari wake. Chini yake uwekwe mchanganuo wa mofimu, kisha maana.

Jambo la tatu ni alama. Kinyamwezi kina irabu 7 na toni, ilhali Kiswahili kina irabu 5 na hakitumii toni kutofautisha maneno. Mtafiti atakayelinganisha lugha hizi atahitaji herufi za kifonetiki. Akizichapa kwa fonti iliyomo katika kompyuta yake tu, kwa mpokeaji zaweza kugeuka visanduku vitupu, na hoja nzima ya irabu ikapotea. Basi atumie fonti inayofuata mfumo wa Unicode, kama vile Charis SIL au Doulos SIL, na aambatishe nakala ya PDF ili waandaaji walinganishe.

Jambo la nne ni marejeo. Mtafiti wa Tabora hawezi kuikwepa tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora. Matini hiyo ilitolewa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, kabla ya usanifishaji. Wilfred Whiteley aliitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1958 na 1959. Anayedondoa tahajia fulani bila kutaja toleo hatujulishi kama tunasoma mkono wa mwandishi au wa mhariri. Majina ya mahali nayo yanadai uangalifu uleule: Richard Burton, aliyefika mwaka 1857, aliandika Kazeh, Unyanyembe ni jina la utemi, leo twasema Tabora. Uhusiano wa majina hayo uelezwe mara moja, mwanzoni.

Jambo la tano ni majina ya watu. Kwa tathmini isiyotaja mwandishi, mtafiti aondoe jina lake hata katika sifa za faili, na aepuke kuandika "kama nilivyoonyesha katika makala yangu". Wazee wa Chemchem nao watajwe kwa namba au herufi, isipokuwa wameridhia vinginevyo.

Pana wanaosema kanuni hizi ni za kigeni. Ziko zinazotubana kweli: mwongozo unaodai "jina la ukoo" hauelekezi iwapo Hamed bin Muhammed aorodheshwe chini ya H au M. Dawa yake ni kuchagua utaratibu mmoja, kuutaja katika tanbihi, na kuufuata hadi mwisho. Msomaji asiyekubaliana nasi ataweza angalau kutufuatilia. Mzee aliyetupa saa mbili za mazungumzo hatakuwapo kongamanoni kusahihisha tulichoandika, na kwa hiyo wajibu wa kulilinda neno lake ni wetu.