Rafiki Aliyemkosa Tamari

Somo: 2 Samweli 13:1-22



Somo letu la leo ni somo ambalo wengi hulipita upesi. Lakini Maandiko hayakuona haya kulieleza, basi na sisi tusione haya kulisikiliza.

Amnoni, mwana wa mfalme Daudi, alimtamani Tamari, dada yake kwa baba. Alikuwa na mwenzake wa kumwendea na siri yake, binamu yake Yonadabu, mtu mwenye akili za hila. Yonadabu akampa shauri: ajifanye mgonjwa, kisha amwombe baba yake amtume Tamari aje kumpikia. Tamari akaenda kwa moyo mweupe, akakanda unga, akaoka mikate. Hapo Amnoni akamshika. Tamari alikataa, akamsihi, akamweleza aibu itakayompata. Lakini alizidiwa nguvu, akanajisiwa. Kisha akatolewa nje, mlango ukafungwa nyuma yake.

Ndugu zangu, angalieni jambo hili. Mtenda uovu alikuwa na rafiki wa kumshauri. Tamari hakuwa na hata mmoja. Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja, alimwambia anyamaze. Mfalme alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alichukua hatua yoyote. Yule mtumishi aliyefunga mlango, hatusomi kwamba alimfuata. Tamari alikwenda zake akilia, majivu kichwani, vazi limeraruka, akakaa katika nyumba ya Absalomu akiwa mkiwa. Baada ya miaka miwili Absalomu aliagiza Amnoni auawe. Damu ilimwagika, lakini hatusomi kwamba Tamari alifarijiwa.

Mambo haya hayakuishia Yerusalemu. Mzazi unayenisikiliza, umeuza ng'ombe, jirani wamekuchangia katika harambee, na leo binti yako yuko chuoni. Wanaowavamia mabinti si wageni wa vichakani tu. Mara nyingi ni watu wanaowafahamu: mwanafunzi mwenzao, mwenye nyumba waliyopanga, au mwalimu anayeshika alama zao mkononi. Amnoni naye hakuwa mgeni. Uchunguzi wa serikali yetu juu ya watu na afya, uliofanywa mwaka 2022, ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 13 wamewahi kutendewa jeuri ya namna hii. Wanawake 13 hujaza mabenchi mawili ya kanisa.

Sasa, binti akipatwa na jambo hili usiku, asubuhi humwambia nani? Mara nyingi si polisi, wala si mchungaji, wala si mama yake. Humwambia yule anayelala kitanda cha pili chumbani. Ndiyo maana katika baadhi ya vyuo vyetu wako wanafunzi wanaofundishwa kuwa washauri wa rika, ili mwenzao akija analia wasibabaike. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Rafiki wa namna hii yampasa kufanya nini?

Kwanza, asikilize na kuamini. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo zilizokuwa siku zao njema. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa kumtafutia hatia. Basi rafiki asiulize, "Ulivaa nini? Ulifuata nini chumbani kwake?" Tamari aliingia chumbani kwa Amnoni kwa agizo la baba yake, akimpelekea mgonjwa chakula. Hatia haikuwa katika miguu iliyoingia. Ilikuwa katika mikono iliyomshika.

Pili, afuatane naye. Waende hospitali mapema, hata kabla ya kwenda polisi. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kadiri ya kuwahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Kama inawezekana asioge kwanza wala asifue nguo alizovaa. Zitiwe katika mfuko wa karatasi, maana ni ushahidi. Daktari atajaza fomu ya PRC, na polisi watatoa fomu ya P3. Tangu mwaka 2006 tunayo Sheria ya Makosa ya Kijinsia, wala jambo hili si la kumalizwa na wazee kwa mbuzi wawili na chai. Na kama siku zimepita, bado aende, kwa maana matibabu na mashauri yangalipo.

Dawa zile humezwa siku 28. Siku ya kwanza kila mtu ana huruma. Lakini siku ya 19, tumbo linamchafuka na mitihani imekaribia, ni nani atakayemwambia, "Dada, umemeza dawa yako?" Wewe mzazi uko mbali. Ni yule wa kitanda cha pili.

Tatu, atunze siri, na asijitwalie madaraka. Yule binti amekwisha kunyang'anywa uwezo wa kusema hapana. Tusimnyang'anye na uwezo wa kuamua. Aelezwe njia zote, kisha achague mwenyewe kama atashtaki na lini. Ila akiwa hajatimiza miaka 18, watu wazima wanaoaminika hawana budi kuambiwa. Rafiki si daktari wala si hakimu. Kazi yake ni kumshika mkono mpaka kwa mshauri, kwa kasisi wa chuo, kwa wenye ujuzi, na yeye mwenyewe apate mtu wa kumtua mzigo, kwa maana machozi ya mwenzako nayo huchosha. Haya yote ni kwa wavulana pia, maana wao nao hutendewa, na aibu yao huwafunga kinywa zaidi.

Nanyi vijana wa kiume, kumbukeni Yonadabu. Yeye hakumgusa Tamari, lakini bila shauri lake mlango ule haungefungwa. Mwenzako akikueleza hila yake juu ya msichana, kicheko chako ni shauri tosha. Mwambie hapana, mbele ya wenzako.

Na kwako, kanisa la Mungu: binti akija kwako, usimwambie anyamaze kwa ajili ya jina la familia au jina la kanisa. Usimharakishe kusamehe ili wewe upate kulala. Msamaha ni kazi ya neema, nao hauondoi haki.

Bwana wetu alipokuwa Gethsemane, roho yake ikiwa na huzuni nyingi, hakuwaomba rafiki zake wapigane wala wahubiri. Aliwaomba wakeshe naye, nao wakalala. Yeye anajua jinsi ilivyo kuachwa peke yako usiku. Binti yangu, mwanangu, wewe unayesikiliza ukiwa umeficha jambo hili: dhambi ile si yako. Mtafute mmoja unayemwamini, umwambie leo.

Tuombe. Ee Baba wa rehema, uwaangalie wote wanaolia nyuma ya milango iliyofungwa. Uwape rafiki wa kweli. Utuamshe sisi tuliolala, tukeshe pamoja nao. Uwape waamuzi na madaktari mioyo ya haki, na watenda uovu uwakomeshe na kuwageuza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.