Barua ya Uteuzi: Mawakili Waafrika na Usuluhishi wa Kimataifa

Mhadhara wa umma, Ilongero, Singida



Sheria ya utatuzi wa migogoro ya ardhi ya mwaka 2002 inataka baraza la kata liwe na wajumbe wasiopungua wanne wala kuzidi wanane, na watatu kati yao wawe wanawake. Mjane wa hapa Ilongero anayedai shamba la alizeti la marehemu mumewe ana haki ya kuwakuta wanawake barazani, hata kama wanaume waliomo ni waadilifu. Kwenye usuluhishi wa kimataifa, ambako Serikali yetu hudaiwa mabilioni, sharti la namna hiyo halipo, iwe kwa jinsia au kwa rangi.

Chukueni kesi ya City Water. Kampuni hiyo ilianza kusambaza maji Dar es Salaam Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka kumi. Mei 2005 Serikali ikauvunja. Biwater Gauff, mwekezaji wake, akaishtaki Tanzania ICSID, kituo cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, Washington. Kampuni ikamteua Gary Born wa Marekani, sisi tukamteua Toby Landau wa Uingereza, na mwenyekiti akawa Bernard Hanotiau wa Ubelgiji. Maji ni ya Waafrika wa Manzese na Tandika jijini humo. Jopo halikuwa na Mwafrika hata mmoja.

Mashirika matano yaliomba kusikilizwa, matatu yakiwa ya kwetu: LEAT la wanasheria wa mazingira, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na TGNP, mtandao wa jinsia. Februari 2007 jopo likayaruhusu kuwasilisha hoja kwa maandishi. Kuingia kwenye kikao yakakataliwa, na nyaraka za kesi hayakupewa. Mawakili wa Kitanzania wakaandika juu ya kesi ya maji ya mji wao bila nyaraka hizo, na bado jopo lilikiri kwenye hukumu kwamba hoja zao zililisaidia.

Sisemi tulionewa. Hukumu ya Julai 2008 ilisema Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji, lakini haikutuamuru kulipa hata senti ya fidia. Hoja yangu ni nyingine. Katika kazi ya usuluhishi anayeteuliwa ni yule aliyekwisha kuteuliwa. Kila uteuzi humwongezea mtu jina, na jina humletea uteuzi mwingine. Asiyeanza leo hataanza kesho, awe na shahada ngapi.

Wenzetu wameliona tatizo hili. Mwaka 2018 mwanamuziki Jay-Z alikwenda mahakamani New York kusimamisha usuluhishi wa kesi yake ya kibiashara, kwa sababu orodha aliyopewa achague msuluhishi haikuwa na Wamarekani Weusi wa kutosha kumpa uchaguzi wa kweli. Januari 2021 mawakili wakaanzisha R.E.A.L., jumuiya ya kutetea usawa wa rangi katika fani hii. Ni kazi njema, lakini haitatuandikia barua ya uteuzi.

Najua jibu litakalotolewa: kanuni za ICSID zinamzuia Mtanzania kuketi kwenye kesi ya Tanzania mpaka upande wa pili ukubali. Kweli. Ila hazimzuii Mkenya, Mganda, Mghana wala Mnaijeria. Wala hazimzuii Mtanzania kuketi kwenye kesi ya Kenya au Ghana. Tukiwateua wao, tutakuwa na uso wa kuwaomba watuteulie wa kwetu. Tulipomteua Landau hakuna Mzungu aliyetushika mkono; nafasi ile ilikuwa yetu na tuliitoa wenyewe.

Pia kila nchi mwanachama wa ICSID ina haki ya kupeleka majina manne kwenye orodha ya wasuluhishi. Uanachama wetu ni wa tangu 1992, basi haki hiyo tunayo.

Kwa hiyo naiomba Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, na ninaiomba hadharani: kesi ijayo ikifika, jina la kwanza mtakalolijadili liwe la Mwafrika, na wakili kijana wa Kitanzania akae meza moja na mawakili wa London, akihoji mashahidi kwa kinywa chake.