Ganzi Isiyokwisha

Ukikalia mguu ukafa ganzi, ukiunyoosha hisia hurudi. Hiyo haina neno. Ninayoizungumzia jioni hii ni ganzi inayoanzia vidole vya miguu, ikapanda taratibu kama soksi inayovutwa, na usiku nyayo zikawaka moto. Wengi wetu husema ni baridi, au uzee, au mtu katupiwa kitu.

Mara nyingi ni kisukari. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu kwanza neva ndefu, ndiyo maana miguu huitangulia mikono. Mgonjwa hukanyaga msumari asihisi, na kidonda kinapogunduliwa kimeshaoza. Inaniuma mguu kukatwa kwa ugonjwa ambao tone la damu kidoleni lingeweza kuuonyesha mapema.

Lakini si kisukari peke yake. Metformini, dawa ileile ya kisukari, ikitumiwa muda mrefu yaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo nao huleta ganzi. Isoniazidi ya kifua kikuu huivuruga vitamini B6, ndiyo sababu wagonjwa wengi huongezewa piridoksini, yaani vitamini hiyohiyo. Usiache dawa kwa kuogopa, mweleze daktari. Pombe nayo imo. Na baka lililopauka, lisilohisi mguso, laweza kuwa ukoma, ambao unatibika kabisa.

Ganzi ikikushika ghafla upande mmoja, mdomo ukapinda au ulimi ukawa mzito, huenda ni kiharusi. Usingoje kupambazuke. Nenda hospitali saa hiyohiyo.