Elimu na Tiba ni Haki, si Hisani



Tumezoea kuizungumzia shule na zahanati kana kwamba ni hisani: mfadhili akipenda hutoa, asipopenda huzuia. Haki si hivyo. Haki ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuidai.

Tuitazame Afrika Kusini, nchi yenye uchumi unaoinukia na pengo kubwa baina ya tajiri na maskini. Katiba yake ya mwaka 1996 imetaja haki ya tiba katika kifungu cha 27 na haki ya elimu ya msingi katika kifungu cha 29.

Kwanza, tiba. Serikali iliiwekea mipaka dawa ya nevirapine, inayopunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto: vituo viwili tu kwa kila jimbo. Ilhali mtengenezaji alikwisha kujitolea kuitoa bure kwa miaka mitano! Wanaharakati wa Treatment Action Campaign walikwenda mahakamani, na Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliamuru vizuizi hivyo viondolewe.

Pili, elimu, na hili linatugusa sisi wenye misikiti. Mjini Durban, shule ya serikali ilikuwa katika ardhi ya Juma Musjid Trust, wadhamini wa msikiti. Wadhamini na idara ya elimu hawakuafikiana juu ya mkataba na malipo, na Mahakama Kuu ikaamuru shule iondolewe. Mahakama ya Katiba iliisimamisha amri hiyo mpaka wanafunzi watafutiwe nafasi kwingine. Zilipopatikana, ikawaruhusu wadhamini kuichukua ardhi yao. Hukumu yake ya 2011 ilibainisha mambo mawili: elimu ya msingi ni haki ya kutekelezwa mara moja, haingoji hazina ijae; na ingawa jukumu la kuitoa ni la serikali, mwenye mali naye hana ruhusa ya kuivuruga pasipo sababu ya msingi.

Basi dola isijifiche nyuma ya umaskini, nasi tusijifiche nyuma ya hati ya kiwanja. Kamati zetu zenye shule au zahanati katika majengo ya msikiti ziandikiane mikataba, na zidai kilicho chao. Lakini kabla ya kufunga mlango, tuulize: kesho asubuhi watoto hawa watakwenda wapi?

Wabillahi tawfiq.