Mpanda Baiskeli na Mkono Wake wa Kushoto



Nimepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo wengine huliona dogo, yaani upande wa barabara anaopaswa kuushika mpanda baiskeli. Kwa chama chenye mfuko wa mazishi, jambo hili si dogo hata kidogo.

Sheria ya Kenya i wazi: baiskeli hushika mkono wa kushoto kama motokaa. Hata hivyo, mtu akisimama asubuhi moja tu kando ya barabara iendayo Busia, atawaona watu wazima wenye akili timamu wakipanda kwa mkono wa kuume, uso kwa uso na malori. Sitaki kuwaita wajinga. Wao huona ni afadhali kuitazama hatari ijayo kuliko kushtukizwa kwa nyuma. Hofu hiyo ni ya kweli, hasa mahali zipitapo trekta zinazovuta miwa iliyotokeza pande zote. Tena walifundishwa kwamba mwenda kwa miguu ashike mkono wa kuume ili ayaone magari, nao wamelichukua fundisho la miguu wakalipakia juu ya baiskeli.

Lakini mwenye miguu huruka kando kwa hatua moja. Mwenye baiskeli, naye amebeba gunia la mahindi au mitungi ya maji, hawezi. Na tupige hesabu. Motokaa ikienda kilomita 60 kwa saa na baiskeli kilomita 15, zikielekea upande mmoja, motokaa huikaribia baiskeli kwa mwendo wa kilomita 45. Zikikabiliana, mwendo huo huwa 75. Zikiwa zimeachana mita 100, katika hali ya kwanza dereva ana sekunde 8 za kupunguza mwendo na kukwepa. Katika hali ya pili hana hata 5.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye njia panda. Dereva atokaye njia ndogo akitaka kupinda kushoto hutazama kuume, kwa kuwa ndiko yanakotoka magari ya upande ule. Anayemjia kutoka kushoto, kandokando ya ukingo, hatazamwi. Dereva yule husema hakumwona, na mara nyingi husema kweli.

Mkono wa kushoto wenyewe hauna utakatifu wowote. Rwanda na Kongo hushika kuume, na jirani zetu wa Ethiopia walihamia kuume mwaka 1964. Linalookoa watu ni wote kukubaliana.

Sasa niseme na wazee wangu, kwa heshima. Mzee atokaye dukani, na nyumba yake iko mkono uleule wa kuume, huona taabu kuvuka barabara mara mbili kwa safari fupi. Basi hupanda kinyume, na mjukuu aliyeketi nyuma yake anajifunza. Ikiwa ni hatua chache, teremkeni mkaisukume. Na trekta ya miwa ikisikika nyuma, tokeni barabarani mpaka ipite, hakuna aibu.

Naiomba kamati itenge fedha kidogo za kununulia vioo vyekundu vya kurudisha nuru, vifungwe nyuma ya baiskeli. Vya kwanza nashauri wapewe vijana wa boda boda waliosalia na baiskeli, ambao hurudi nyumbani gizani.