Kumtafuta Mwalimu wa Muziki

Natumaini mmekaa vizuri, taa inawaka, na kila mmoja anayo karatasi ya somo mbele yake. Mwenye miwani na aivae.

Leo tunaacha kidogo habari za mbolea na za kuweka akiba. Sababu ni mama mmoja wa darasa la Chimala. Juzi, somo lilipokwisha, alisimama akasema: "Mwalimu, sasa najua kusoma. Nataka kujifunza kupiga kinanda. Nitampata wapi wa kunifundisha, na nitajuaje kwamba hatakula fedha yangu bure?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lake lilinigusa penye kidonda.

Nilipokuwa kijana nilitamani sana gitaa. Baba aliuza magunia ya mpunga, akanipa fedha, nami nikalinunua hilo gitaa kabla ya kuwa na mwalimu. Kisha nikamwona mtu akipiga harusini, vidole vikikimbia kama panya darini. Nikasema, huyu ndiye. Nikamlipa miezi mitatu mbele. Kila nilipokwenda kwake, yeye alipiga na mimi nikatazama. Akimaliza wimbo aliniuliza, "Umeona?" Nikajibu, "Nimeona." Na kweli niliona, lakini mkono wangu haukujifunza kitu. Mwezi wa pili akahama. Gitaa likakaa ukutani mpaka nyuzi zikaota kutu. Baba hakusema neno hata moja, na kimya chake kilinichoma kuliko kama angenigombeza.

Kosa langu ni hili: nilimchagua mpigaji, sikumchagua mwalimu. Hao ni watu wawili. Pengine hukaa ndani ya mwili mmoja, pengine hawakai.

Basi, atapatikana wapi? Ukisimama Chimala kando ya barabara kuu itokayo Makambako kwenda Mbeya, utasoma vibao vingi: mashine ya kukoboa mpunga, nyumba ya wageni, fundi pikipiki. Sasa unajua kuvisoma vyote. Lakini kibao cha mwalimu wa muziki hutakiona. Usidhani kwamba walimu hawapo. Wapo, ila kazi hii si kazi yao ya kila siku. Siku za juma yuko shambani Usangu, au dukani, au yuko shule ya msingi na chaki mkononi. Jioni yuko na kwaya.

Kwa hiyo tafuta kwa masikio. Nenda kwaya zinapofanya mazoezi, hata kama si za dhehebu lako. Ukibisha hodi kwa adabu hutafukuzwa. Usimtazame yule hodari kuliko wote. Mtafute aliyeanza mwaka jana tu, naye anapiga vizuri kiasi. Mwulize, "Nani alikufundisha?" Muulize na mwingine. Ukisikia jina moja kwa watu wawili watatu, nenda kwa mtu huyo. Mwalimu hupimwa kwa mwanafunzi wake wa mwaka mmoja.

Ukitaka vyombo vya asili, utafutaji ni wa namna nyingine. Wahehe wa Iringa, kwa mfano, wana ligombo, ubao uliochongwa kama hori na kutandazwa nyuzi juu yake. Anayejua chombo cha namna hiyo mara nyingi ni mzee, na huenda hajapata kujiita mwalimu hata siku moja. Kwake usianze na habari ya fedha. Mpe shikamoo, keti, msikilize. Siku ya pili au ya tatu ndipo useme haja yako.

Najua wengine mnasema moyoni, "Mimi ni mtu mzima, nitachekwa." Sikilizeni habari za Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Alikuwa akiuza vyungu. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1911 alihamia mjini, na umri wake ulikuwa kama miaka 30. Huko alikutana na Ali Muhsin, mtu wa Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Ali Muhsin ndiye aliyemfundisha uimbaji. Mwaka 1928 Siti alikwenda Bombay, Bara Hindi, nyimbo zake zikatiwa katika sahani za santuri, nazo zikasikika pwani na bara. Shaaban Robert aliandika kitabu kizima cha maisha yake.

Tazameni njia aliyofundishwa. Hakufundishwa kwa karatasi, asingeweza kuisoma. Alikuja na sauti yake tayari, aliyoizoea kuinadi biashara njiani, na sauti hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wa kuanzia. Mwalimu mzuri hufanya hivyo. Huuliza kwanza una nini, kisha hujenga juu yake.

Kufundisha kwa sikio ndiyo njia ya kwanza basi. Mwalimu anaimba, wewe unaitikia. Anapiga kidogo, wewe unarudia. Njia ya pili ni ya maandishi. Ukifungua daftari la kwaya huku kwetu, mara nyingi utaona herufi d, r, m, f, s, l, t. Ni herufi zile zile ulizojifunza darasani. Hapa huitwa solfa, nazo hutamkwa do, re, mi, fa, so, la, ti. Kila moja ni kipandio kimoja cha ngazi ya sauti. Ukimaliza t unafika d nyingine, ya juu, nayo huwekwa alama ndogo kando ili isichanganywe na ya kwanza. Nukta mbili (:) hutenga pigo na pigo. Mstari mfupi (–) wakuambia: usikate sauti, endelea.

Njia hii ilitoka Uingereza katika karne ya 19. Mwalimu wa kike aitwaye Sarah Glover, wa mji wa Norwich, aliianzisha. Mchungaji John Curwen akaitengeneza zaidi na kuieneza, ili watu wa kawaida waweze kuimba kwa kusoma. Wamisionari wakaileta Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule karibu na Johannesburg, aliandika nyimbo zake kwa herufi hizi. Mmoja wa nyimbo hizo, alioutunga mwaka 1897, ndio uliotupa sauti ya wimbo wetu wa Taifa. Basi mama wa Chimala, herufi ulizozipata mwaka huu ni nusu ya safari.

Ipi iliyo bora? Walimu hawapatani katika jambo hili, na nimewasikia wakibishana mpaka chai ikapoa. Wako wanaomwandikisha mwanafunzi solfa majuma sita kabla hajagusa kinanda. Mimi sikubali. Mtoto husema kwanza, ndipo asome. Mtu mzima aliyetoka shambani amechoka anataka kusikia wimbo utokao mkononi mwake mwenyewe siku ile ile ya kwanza, hata kama ni wa sauti tatu tu. Mwezi mmoja wa sikio, kisha herufi ziingie polepole. Lakini asiyefundisha herufi kabisa atakufunga kwake: kila wimbo mpya itakubidi umrudie yeye.

Sasa siku ya kwanza. Tazama ni mikono ya nani iliyo juu ya chombo. Saa moja ikiisha na mikono ni ya mwalimu tu, mshukuru, mlipe siku hiyo moja, usirudi. Mwalimu afaaye hupiga kidogo, kisha hukuachia. Hukupigisha makofi kwanza ili mapigo yaingie mwilini. Ukikosea hakatizi kila mara. Hukuacha umalize, ndipo achague kosa moja tu la kutengeneza. Na hacheki. Kama ni gitaa, atakuonyesha jinsi ya kulinganisha nyuzi sita, maana gitaa lisilolinganishwa litakudanganya wiki nzima. Atakuonya pia kwamba vidole vya mkono wa kushoto vitauma. Sugu za jembe hazitakusaidia; hizo ziko kiganjani, na gitaa lataka sugu nchani mwa vidole.

Nyumbani, robo saa kila siku yafaa kuliko Jumapili nzima. Nalisema hili kwa haraka, lakini ndilo linalowashinda wengi.

Habari ya fedha. Usilipe miezi mbele. Lipa kila somo, au baada ya masomo manne. Patana mapema: siku gani, saa ngapi, na ikiwa mvua imezuia mmoja wenu, somo hilo linahesabiwaje. Wako walimu wanaokubali debe la mpunga badala ya fedha. Si aibu, lakini patana ni debe moja kwa masomo mangapi. Usinunue chombo kwanza. Omba utumie cha mwalimu au cha kwaya kwa miezi miwili, uone kama moyo umekaa. Mwanao akiwa ndiye mwanafunzi, somo liwe barazani au mlango ukiwa wazi, na mtu mzima wa kwenu awe karibu. Mwalimu mwema hatachukia sharti hilo.

Mwisho, kalamu mkononi. Tutaandika barua, kwa sababu mwalimu wa kwaya ni mtu wa shughuli nyingi, na barua humngoja. Msomaji mmoja asome kwa sauti, wengine waandike, na kila mmoja atie chombo anachokitaka yeye.

Chimala,
(andika tarehe)

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la watu wazima. Nimemsikia mwanafunzi wako akipiga kinanda, akaniambia wewe ndiwe uliyemfundisha. Nami napenda kujifunza. Sijapata kugusa kinanda, lakini naimba, na herufi nazijua. Nina nafasi Jumanne na Alhamisi jioni, baada ya saa kumi. Nataka kuanza kwa somo moja, nikulipe siku hiyo hiyo, kisha tuzungumze. Kinanda sina, naomba kutumia chako nikiwa hapo kwako. Ukikubali, niambie kiasi cha malipo na siku ya kuja.

Ni mimi,
(andika jina lako kamili)